Safu Moja, Madaftari Mawili

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, tunawaomba wasomaji wa kurasa hizi za familia watuvumilie, kwa kuwa tunayotaka kuyaeleza leo hayatupambi. Ni habari ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe, kwa kalamu yetu wenyewe, huku tukiamini kwamba tunailinda amana ya Waislamu.

Tunaandika tukiwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja mdogo ulioko upande wa kaskazini wa jiji la Chicago, nchini Marekani. Hatujatimiza miaka arobaini. Tulisoma chuo cha Kiislamu huko nyumbani, tukahitimu tukiwa tumeupenda zaidi mlango wa fiqhi ya miamala, kisha riziki ikatuvusha bahari. Msikiti wetu zamani lilikuwa duka la mazulia. Wanaosali humo ni Wakongo wa Kivu ambao wengi wao walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Warundi, Watanzania wachache, Wasomali, Wapakistani wenye maduka yao katika barabara ya Devon, na Wamarekani Weusi, wengine wamesilimu wenyewe na wengine wamezaliwa katika Uislamu. Adhana ikishaadhiniwa, wote hawa husimama bega kwa bega. Mgeni akiingia wakati huo hawezi kumtambua tajiri wala maskini, na sisi tulikuwa tukilisifu jambo hilo mbele ya kila mgeni.

Miaka minne iliyopita kamati iliunda mfuko wa karadha njema. Nia ilikuwa safi: Mwislamu aliyebanwa na shida asilazimike kwenda kukopa kwa riba. Waumini walichanga, mwenye kingi na mwenye kidogo. Pamoja na mfuko huo, kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tulikaa na familia moja moja katika chumba cha madrasa, tukazinasihi juu ya matumizi yao: andika unachopata, andika unachotoa, punguza anasa, weka akiba, lipa deni kwanza. Tulijiona tunatenda kama madaktari, na waliotujia tuliwaona kuwa wagonjwa wa israfu.

Ili mfuko usipotee, tulihitaji fomu. Hatukuitunga, tuliinakili kutoka fomu za wakopeshaji wa mjini, tukaondoa kipengele cha riba, tukaona tumemaliza kazi. Fomu iliuliza mambo manne: alama za mikopo za mwombaji, mdhamini anayemiliki nyumba, hati za mshahara wa ajira ya kudumu, na miaka aliyokaa katika makazi yake. Asiyefikisha alama tulizoziweka alipewa nasaha na barua ya kukataliwa kwa heshima. Barua hizo tuliziandika sisi.

Miongoni mwa waliopata barua hiyo alikuwamo mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, ambaye watoto wetu humwita Babu kwa Kiswahili, naye huitika. Alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na pensheni yake huiongezea kwa kubebea watu mizigo kwa gari lake kuukuu. Injini ya gari hilo iliharibika. Aliomba dola 1,800. Hakuwa na mdhamini mwenye nyumba, alama zake za mikopo zilikuwa chini, na kazi yake haikuwa na hati ya mshahara. Tulimwandikia kwamba tunasikitika, tukamwambatishia karatasi ya nasaha juu ya kuweka akiba.

Mwezi ukapita bila kumwona katika safu ya kwanza. Tukaenda kumjulia hali. Tulimkuta mzima wa afya, gari limetengenezwa, na juu ya meza ya jikoni ipo karatasi ya mkopo kutoka ofisi moja ya mikopo ya mtaani. Riba yake ilikuwa asilimia 36 kwa mwaka, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na sheria ya jimbo la Illinois tangu mwaka 2021. Mfuko ulioundwa ili Mwislamu asiingie katika riba ndio uliomfungia mlango huyu, naye akaelekea huko huko tulikotaka asiende.

Hatukuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyesema, tena kwa upole.

"Kijana wangu," alituambia, "barua yako si ya kwanza katika ukoo wetu. Baba yangu alipotaka kununua nyumba mtaa wa Lawndale, mwaka 1959, benki ilimnyima mkopo na wala haikumuuliza anapata kiasi gani. Ilitosha kujua ni nyumba ipi na ni nani anayetaka kuinunua. Wale hawakumjua baba yangu. Lakini wewe unanijua. Tunasimama safu moja."

Kisha akatusimulia jinsi baba yake alivyoinunua nyumba ile kwa mkataba. Wakati ule, mtu mweusi aliyenyimwa mkopo wa benki alipata muuzaji wa kumuuzia kwa malipo ya kila mwezi, kwa bei iliyopandishwa mno, huku hati ya nyumba ikibaki mkononi mwa muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe. Akikosa kulipa mwezi mmoja tu, muuzaji aliweza kumtoa, kuchukua kila alichokwisha kulipa, na kumuuzia nyumba hiyo hiyo mwingine. Baba yake alilipa kwa miaka sita. Mwaka wa saba aliumia kazini. Familia ikatolewa, ikabeba magodoro.

Tuliporudi nyumbani tulianza kusoma, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe, nasi tulikuwa tumehukumu bila kuelewa. Tulikuta kwamba Babu hakutia chumvi. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba, na katika miaka iliyofuata maofisa wake walichora ramani za miji zaidi ya mia mbili na kuipanga mitaa kwa rangi nne. Kijani ni mtaa bora, buluu unaufuatia, njano unashuka, na nyekundu ni wa hatari. Mitaa waliyoishi watu weusi ilipakwa nyekundu. Mwaka 1934 ikaundwa taasisi nyingine ya serikali ya kudhamini mikopo ya nyumba, nayo katika mwongozo wake iliwahimiza wakopeshaji waitenge mitaa ya namna hiyo. Mamilioni ya familia nyeupe zilinunua nyumba kwa udhamini huo, zikazilipa kidogo kidogo, zikawarithisha watoto. Familia nyeusi kwa jumla ziliachwa nje, zikabaki kulipa kodi ya pango au kuingia katika mikataba kama ule wa baba yake Babu.

Katika mtaa huo huo wa Lawndale alikuwapo mtu aitwaye Clyde Ross, ambaye habari zake zimeandikwa na wengi. Mwaka 1961 alinunua nyumba kwa mkataba kwa dola 27,500. Muuzaji aliyemuuzia alikuwa ameinunua miezi michache tu kabla kwa dola 12,000. Ross na majirani zake walijiunga mwaka 1968 katika chama cha wanunuzi wa mikataba, wakasimamisha malipo na kwenda mahakamani. Baadhi yao walifaulu kupunguziwa. Wengi walikuwa wameshapoteza.

Mwaka huo huo wa 1968 ilikuja sheria ya kuharamisha ubaguzi katika makazi, na kufikia mwaka 1976 sheria ya mikopo nayo ilikataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya rangi yake. Lakini aliyenyimwa nyumba mwaka 1959 hakurudishiwa miaka yake. Uchunguzi wa benki kuu ya nchi hii wa mwaka 2022 unaonyesha matokeo. Ukizipanga familia zote nyeupe katika mstari mmoja, kuanzia maskini hadi tajiri, ile inayosimama katikati ina mali ya dola 285,000, baada ya kutoa madeni. Ukizipanga familia nyeusi vivyo hivyo, ya katikati ina dola 44,900. Tofauti kama hiyo haielezwi kwa israfu, wala haiwezi kuondolewa kwa karatasi ya nasaha.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulibaki msikitini na daftari la mfuko. Tulilipekua tangu ukurasa wa kwanza. Fomu yetu haikuuliza rangi ya mtu wala kabila lake, na jambo hilo lilikuwa likitutuliza moyo. Lakini daftari ni letu na watu ni wetu. Kila jina tulilijua uso wake. Katika mwaka ule tulikuwa tumewakataa watu tisa. Saba kati yao walikuwa Wamarekani Weusi au wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Waliokubaliwa wengi walikuwa wenye maduka na wenye ajira za ofisini, ambao baadhi yao, kwa hakika, wangeweza kusubiri mwezi mmoja.

Tukatazama swali moja moja la fomu, tukajiuliza linampima nani. Mdhamini mwenye nyumba: katika mji ambao baba za watu fulani walizuiwa kununua nyumba, atatoka wapi? Miaka katika makazi: mkimbizi aliyefika juzi ataitoa wapi? Hati ya mshahara: mama anayefanya usafi wa nyumba nne kwa wiki ataandikiwa na nani?

Swali la alama za mikopo ndilo lililotuumiza kuliko yote. Alama hizo huanzia 300 hadi 850, na sehemu kubwa yake hutokana na jinsi mtu alivyokopa na kulipa, kiasi anachodaiwa, na muda aliokuwa akikopa. Kodi ya nyumba, ambayo maskini huilipa kila mwezi kabla hajala, kwa kawaida haiingii katika hesabu hiyo. Deni la hospitali lililopelekwa kwa wakusanya madeni liliweza kuingia. Kwa hiyo mtu aliweza kulipa kodi kwa miaka thelathini bila kukosa mwezi, asionekane. Akaugua mara moja, akaonekana mbaya.

Lipo na zito zaidi. Mwislamu anayejitenga na riba, asiyechukua kadi ya mkopo wala mkopo wa gari wa benki, hana rekodi ya kukopa, na asiye na rekodi hana alama. Wakina mama wetu wa Kikongo walikuwa hivyo. Kumbe fomu yetu ilimpendelea aliyezoea kukopa kwa riba na kulipa vizuri, na ikamwona aliyejizuia kuwa ni mtu wa mashaka. Tulikuwa tumeiondoa riba katika mkataba, kisha tukairudisha kama shahidi wa uaminifu wa watu. Sisi tuliohitimu fiqhi ya miamala hatukuliona hilo kwa miaka mitatu.

Tuliitisha kikao cha kamati. Hakikuwa kikao chepesi. Mweka hazina wetu, mtu mchamungu ambaye hatujapata kumshuku kwa lolote, alisema kwamba fedha hizi ni amana, na kwamba huruma kwa mali ya mtu mwingine si sadaka. Akatukumbusha habari mashuhuri inayosimuliwa juu ya Sayyidna Umar (r.a.): mtu mmoja alimsifia mwenzake, Umar akamuuliza kama amewahi kusafiri naye, au kuwa jirani yake, au kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu. Alipojibu hapana, Umar alimwambia kwamba huenda alimwona tu akisali msikitini, basi hamjui.

"Kusimama safu moja," alisema mweka hazina, "si kumjua mtu."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na kwa muda hatukuwa na jibu. Kisha mama mmoja, mjumbe wa kamati upande wa wanawake, akauliza: "Sasa katika hayo matatu aliyoyauliza Sayyidna Umar, lipi ni namba?"

Kimya kikatanda. Jirani, msafiri mwenza, mfanyabiashara mwenza: wote ni watu wanaoulizwa juu ya mtu. Umar alitaka tumjue mtu kwa kumchunguza kwa karibu, nasi tulikuwa tumekwepa kazi hiyo kwa kuliachia jedwali la mtu mwingine. Mweka hazina hakusema kitu, lakini ndiye aliyechukua kalamu na kuanza kuandika fomu mpya.

Fomu ya sasa haiulizi alama za mikopo. Inaomba stakabadhi za kodi ya nyumba za miezi kumi na miwili, au ushahidi wa mwenye nyumba. Inauliza kama mwombaji yumo katika upatu, ambao Wakongo huuita likelemba, na kama amewahi kukosa zamu yake. Huko wanawake wetu huchangiana maelfu ya dola kwa mwaka bila karatasi hata moja. Mahali pa mdhamini mwenye nyumba pamewekwa mashahidi wawili: jirani mmoja na mtu mmoja aliyewahi kushirikiana naye katika fedha. Deni linaandikwa mbele ya mashahidi, kama Qur'ani ilivyotuelekeza katika aya ndefu ya Suratul Baqara, na mwenye dhiki hupewa muhula, kama aya iliyo karibu yake inavyoelekeza.

Nasaha za Jumamosi nazo zimebadilika. Zamani tulianza kwa kuuliza: "Fedha zako unazitumia wapi?" Sasa tunaanza kwa kuuliza: "Ni mlango upi uliowahi kufungiwa?" Hatukuacha kufundisha akiba wala kukataza israfu, anayenunua asichohitaji tunamwambia wazi, awe mweusi au mweupe. Lakini tumejifunza kuyatenganisha mawili: kosa ambalo mtu anaweza kulirekebisha kwa mkono wake, na mzigo aliobebeshwa kabla hajazaliwa. Ukimlaumu mtu kwa la pili, hata ushauri wako juu ya la kwanza hatausikia.

Hatutaki kudai kwamba mambo yamekuwa asali. Mmoja wa waliokopeshwa kwa fomu mpya amehama jimbo, na simu yake haipatikani. Mweka hazina hulitaja jina lake kila kikao, na ana haki. Wengine wamechelewa. Wengi wao wanalipa. Baadhi ya waumini wametuambia kwamba tumeleta siasa za Marekani msikitini. Huwa tunawajibu kwamba mafunzo ya kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, isipokuwa kwa uchamungu, yalitolewa na Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga, na siku ile haikuwapo Marekani.

Na ninyi wasomaji wetu wa nyumbani, msiseme habari hii ni ya ng'ambo. Wazee wetu wa Dar es Salaam wanajua kwa nini mji ule ulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ramani ilichorwa na Wajerumani, ikaendelezwa na Waingereza, na kila eneo lilikuwa na masharti yake ya ujenzi. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa pia na sheria, tangu miaka ya 1920, iliyombana Mwafrika asikopeshwe na wafanyabiashara wasio Waafrika bila idhini ya serikali. Ilisemwa kwamba ni kumlinda asielemewe na madeni. Babu zetu walilindwa hivyo mpaka wakakosa mtaji wa kufungua duka, kisha wakaambiwa hawajui biashara. Tuliposoma hayo, tulimwelewa Babu wa Chicago vizuri zaidi.

Basi tunaomba kila kamati ya msikiti, kila kikundi cha akina mama na kila mfuko wa ukoo ufungue daftari lake usiku mmoja, usome majina ya waliokataliwa. Je, wengi ni wageni waliotoka bara? Ni waliosilimu, wasio na shangazi wala mjomba Mwislamu wa kuwadhamini? Ni wajane? Ni wale ambao majina ya babu zao hayatajwi kwenye maulidi? Fomu yako huenda haikuuliza kabila wala rangi. Soma majina.

Kuhusu Babu, kamati iliamua mfuko ulipe deni lake lote la riba, naye aurudishie mfuko kwa awamu bila nyongeza. Tulipompelekea habari hiyo alifikiri kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba deni lake lisisamehewe hata akichelewa. Alisema baba yake angependa iandikwe mahali fulani kwamba ukoo wao hulipa. Mpaka tunapoandika haya amebakiza awamu tatu.

Tulimwomba pia aturudishie ile barua ya kukataliwa ili tuichane. Alikataa mara ya kwanza. Ijumaa iliyofuata aliileta mwenyewe, akasema tusiichane. Tumeibandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, saini yetu ikiwa chini yake, na kila tunapolifungua Jumamosi baada ya Alasiri huanza kuonekana hiyo.

Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe, na atujaalie tuwe waadilifu katika madaftari kama tunavyosimama katika safu. Wabillahi tawfiiq.